Kotisoli, Hedhi na PCOS: Mwongozo kwa Binti Aliyeambiwa Apunguze Mawazo

Mabinti wengi wanaoambiwa wana PCOS hutoka chumba cha daktari na karatasi ya ultrasaundi, vidonge vya kurudisha siku na ushauri mmoja: punguza mawazo. Kuanzia hapo mwalimu wao ni simu. Huko wanakutana na anayeuza chai ya kushusha kotisoli, anayeuza kifurushi cha kusafisha kizazi, na anayepima "homoni zote" kwa fedha ambayo ingelipa kodi ya chumba cha mwezi mzima. Kama siku zako zinaruka miezi, chunusi haziishi, au vinyweleo vigumu vimeanza kuota kidevuni na huna wa kumuuliza, mwongozo huu ni wako.

Nikuambie mapema msimamo wangu. Kotisoli, homoni kuu ya msongo, inahusika na PCOS, lakini kwa namna tofauti na unayouziwa. Kilichoonekana kwenye utafiti ni jinsi mwili unavyoivunjavunja homoni hiyo na kuitoa kwenye mkojo. Hakuna chai inayobadilisha jambo hilo, na huhitaji kulipima ili upate matibabu. Yapo mambo mengine yanayostahili fedha na muda wako kabla ya kotisoli, na nitayataja kwa majina.

Kwanza ujue unachoumwa

Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika kuhusu wanawake 7 wenye ovari kubwa zilizojaa vifuko vidogo na hedhi zisizotabirika. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban mwanamke 1 kati ya kila 10 walio katika umri wa kuzaa ana hali hiyo, ambayo ndiyo PCOS, na kwamba hadi asilimia 70 ya wenye nayo hawajui kuwa wanayo. Kwa hiyo darasani, kazini au kwenye kikundi chenu cha WhatsApp, hauko peke yako.

Vidoti vyeusi unavyoviona kwenye picha, vimejipanga ukingoni mwa ovari, ni vijifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikakwama njiani. Havihitaji kuondolewa kwa upasuaji, wala havimwagi sumu tumboni kama wanavyodai wauza dawa. Chanzo kiko kwenye homoni. Androjeni, kundi la homoni ambalo testosteroni ni mojawapo na ambalo kila mwanamke analo kwa kiasi kidogo, zinazidi. Insulini nayo mara nyingi inazidi kwa sababu mwili hauitikii vizuri. Insulini nyingi huisukuma ovari itengeneze androjeni zaidi, na hapohapo hulipunguzia ini kasi ya kutengeneza protini inayozifunga androjeni kwenye damu. Zinazobaki huru ndizo zinazofika kwenye ngozi na kuleta chunusi na ndevu. Tabia hii hurithiwa kwa sehemu kubwa. Muulize mama na shangazi zako kuhusu hedhi zao na kuhusu kisukari katika ukoo. Majibu yao yatamsaidia daktari kuliko unavyodhani.

Mwanamke mtu mzima huhesabiwa ana PCOS akiwa na mawili kati ya haya matatu: hedhi zisizo na mpangilio, dalili au kipimo cha androjeni kuzidi, na ovari zenye vijifuko vingi. Lazima pia magonjwa mengine yanayofanana nayo yawe yameondolewa. Kwa msichana ambaye bado yuko kwenye miaka ya balehe kanuni ni kali zaidi: awe na yote mawili ya mwanzo, na ultrasaundi isitumike kumpa jina la ugonjwa kabla ya miaka 8 kupita tangu alipovunja ungo. Ovari za msichana mwenye afya kabisa huweza kuonekana zimejaa vijifuko. Binti aliyevunja ungo akiwa na miaka 13, kisha akiwa na 17 akaambiwa ana PCOS kwa picha tu, ana haki ya kuuliza maswali.

Je, hedhi isiyo na mpangilio ni ipi? Mwaka wa kwanza baada ya kuvunja ungo, kuruka ni kawaida. Kuanzia mwaka wa pili hadi wa tatu, mzunguko chini ya siku 21 au zaidi ya siku 45 unahitaji kuangaliwa. Baada ya miaka 3, kipimo ni chini ya siku 21 au zaidi ya 35, au hedhi zisizofika 8 kwa mwaka. Mzunguko wowote uliozidi siku 90 ni wa kupelekwa hospitali.

Kotisoli na mabaki yake

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo ya adrenali. Ukipata hofu, ukikosa usingizi au ukiugua, ubongo huituma tezi ya pituitari, nayo hutoa homoni ya ACTH inayoziamuru adrenali zitengeneze kotisoli. Kotisoli ikifika ya kutosha, ubongo unaihisi na kupunguza amri. Kwa kawaida hupanda sana alfajiri kuelekea saa 2 asubuhi na kushuka chini kabisa usiku wa manane.

Kotisoli haikai mwilini milele. Vimeng'enya vya ini huigeuza kuwa vitu vingine visivyo na nguvu, navyo hutoka kwenye mkojo. Hayo ndiyo mabaki ya homoni ya msongo ambayo watafiti huyapima. Wakikusanya mkojo wa saa 24 na kuhesabu kila aina ya baki, wanaweza kusema adrenali zimetengeneza kotisoli kiasi gani kwa siku nzima na ni kimeng'enya kipi kimefanya kazi kupita kiasi.

Mwaka 1990 Paul Stewart na wenzake walichapisha kwenye jarida la Lancet matokeo ya mkojo wa wanawake wenye PCOS. Walikuta dalili kwamba kimeng'enya kimoja, 5-alfa-reduktezi, kinafanya kazi kwa kasi kuliko kawaida, na kwamba mabaki ya kotisoli kwa jumla yamezidi. Tafiti zilizofuata ziliona jambo hilohilo hata kwa wanawake wembamba, ingawa unene peke yake nao huongeza mabaki hayo, na ndiyo maana ni lazima kulinganisha watu wa uzito mmoja. Kimeng'enya hicho kina kazi nyingine pia: huigeuza testosteroni kuwa aina kali zaidi, ile inayoamsha vinyweleo vya kidevuni na kifuani. Insulini ikiwa juu, kasi yake huongezeka.

Sasa fikiria tangi la maji juu ya paa ambalo bomba lake la chini limefunguliwa zaidi ya kawaida. Boya linashuka, pampu inawaka, na maji yanabaki palepale kwa sababu yanayotoka yanafidiwa. Mpaka hapo hakuna anayelalamika. Shida ni kwamba pampu hii, ACTH, inaendesha pia mtambo wa pili: adrenali hutengeneza androjeni. Kotisoli ikiisha haraka, amri inaongezeka, na androjeni za adrenali zinapanda pamoja nayo. Haya ni maelezo ambayo wanasayansi wengi wanayaona yana mashiko, ingawa hayamhusu kila mgonjwa. Androjeni za adrenali huwa juu kwa takriban robo ya wanawake wenye PCOS. Kwa waliobaki, mzigo mkubwa unatoka kwenye ovari zenyewe.

Ukiielewa picha hiyo, unaelewa pia kwa nini kipimo cha kotisoli kwenye damu kwa kawaida hutoka salama kwa mwenye PCOS. Anayekwambia una PCOS kwa sababu "kotisoli yako iko juu" ama hajui ama anauza kitu. Mabaki ya kotisoli hupimwa kwa mashine za utafiti zinazotenganisha molekuli moja moja, na mwongozo wa kimataifa wa PCOS uliotolewa mwaka 2023 hauyahitaji popote, iwe kwa kutambua ugonjwa au kwa kuchagua dawa.

Krimu, vidonge vya kunenepa na P2

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo homoni ya msongo inapokutana na maisha ya binti wa Kariakoo, Gikomba au Goma kwa njia ambayo haisemwi kliniki.

Krimu nyingi za kung'arisha ngozi na mikorogo ya kuchanganya saluni ina steroidi kali, hasa klobetasoli na betamethasoni. Hizo ni ndugu wa kotisoli waliotengenezwa kiwandani, wenye nguvu mara nyingi zaidi. Ukijipaka mwili mzima asubuhi na jioni kwa miezi, dawa inapenya ngozi, inaingia kwenye damu, na ubongo unaamini kotisoli imejaa. Adrenali zinalala. Wewe unavimba uso, tumbo linatoka, michirizi inajichora mapajani, chunusi zinakujaa kifuani, vinyweleo vinaota na hedhi inavurugika. Daktari asiyejua unachopaka ataona picha inayofanana sana na PCOS.

Vidonge vya kuongeza mwili na makalio vinavyouzwa bila lebo viko hivyohivyo. Baadhi vina deksamethasoni, steroidi nyingine kali, na vingine vina siproheptadini ya kuongeza hamu ya kula. Unene unaokuja hivyo huongeza insulini, na insulini unajua inachofanya.

Ukitambua kwamba umekuwa ukitumia vitu hivi kwa muda mrefu, usiviache ghafla leo usiku ukidhani umejiokoa. Adrenali zilizolala haziamki kwa siku moja. Ukiacha ghafla unaweza kuishiwa nguvu, kutapika, kushuka presha na kuzimia, na hali hiyo inaweza kuua. Chukua kopo au pakiti, iweke kwenye mkoba, mpelekee daktari, useme unavyoitumia na tangu lini. Daktari atapanga namna ya kupunguza. Usione haya. Amekwisha kuona mengi, na ni heri akuulize juu ya krimu kuliko akutibu miaka miwili ugonjwa usio nao.

P2 nayo itajwe. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba kikimezwa mara kwa mara huvuruga tarehe za hedhi. Sindano na kipandikizi nazo huweza kukata hedhi au kuleta matone yasiyoisha. Hiyo si PCOS. Mwambie daktari hata kama mama amekaa pembeni. Omba mama atoke nje kidogo, ni haki yako.

Msongo unaokata hedhi bila PCOS

Kuna hali nyingine ambayo msongo kweli ndio unaoikata hedhi, na watu huichanganya na PCOS kila siku. Binti anaacha kula kwa ajili ya mitihani, au anakimbia kilomita nyingi kila alfajiri, au amefiwa na chakula hakipandi. Ubongo unaona nishati haitoshi, unapunguza ishara zake kwa ovari, na siku zinakoma. Estrojeni inashuka na mifupa inaanza kudhoofika. Akipigwa ultrasaundi anaweza kuonekana na vijifuko vingi, akaambiwa ana PCOS, kisha akaambiwa apungue. Ushauri huo unamzidishia ugonjwa, kwani tiba yake ni kula zaidi, kupunguza mazoezi na kusaidiwa mawazo.

Ishara zinazotofautisha ziko wazi ukiulizwa vizuri. Je, uzito umeshuka kabla siku hazijakata? Unaruka milo kwa makusudi? Huna ndevu wala chunusi mpya? Uke umekuwa mkavu? Yaseme hayo kabla hujavua viatu vya kupimwa uzito.

Fedha ya vipimo uitumie hivi

Kabla ya maabara, andaa kumbukumbu. Kijitabu cha kawaida kinatosha. Andika tarehe ya siku ya kwanza ya damu, siku ngapi imetoka, nyingi au kidogo, na kando yake dawa, krimu na uzazi wa mpango unaotumia. Miezi mitatu ya kumbukumbu kama hiyo inampa daktari zaidi ya kipimo cha gharama. Andika pia vinyweleo vigumu vinaota wapi: mdomo wa juu, kidevu, kifua, tumbo la juu na la chini, mgongo, mikono, mapaja. Usivinyoe wiki ya kwenda kliniki ukiweza kuvumilia; daktari anatakiwa kuviona.

Kipimo cha kwanza ni cha mimba, hata kama una hakika. Kinachofuata ni homoni ya tezi ya shingo na prolaktini, maana zote mbili huvuruga hedhi na zina tiba yake. Kisha testosteroni, ikiwezekana pamoja na protini inayoibeba. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, majibu ya testosteroni hayatasema kweli mpaka uviache angalau miezi 3 huku ukitumia kinga nyingine, kwa hiyo usilipie kabla. Daktari akihisi adrenali zina hitilafu ya kuzaliwa nayo, ataagiza kipimo cha homoni ya 17-haidroksiprojesteroni asubuhi. DHEAS, androjeni ya adrenali, ina msaada mdogo; ikiwa juu kupita kiasi, au sauti ikianza kuwa nzito na nywele za utosini zikapukutika ndani ya miezi michache, wahi hospitali kubwa, maana uvimbe wa adrenali au wa ovari lazima uchunguzwe.

Kipimo cha sukari hakipaswi kukosekana. Omba kipimo cha kunywa glukosi gramu 75 na kupimwa baada ya saa 2, maana sukari ya kabla ya kula peke yake huwakosa wengi wenye PCOS. Presha na mafuta ya damu vipimwe pia. Insulini ya damu, ambayo maabara nyingi hupenda kuiweka kwenye vifurushi, haishauriwi kwa matumizi ya kawaida. Ukiambiwa uilipie, uliza matokeo yatabadilisha nini kwenye matibabu yako, kisha usubiri jibu.

Kotisoli inapimwa pale tu daktari anapohofia ugonjwa wa Cushing, ambao mwili hutengeneza kotisoli kupita kiasi. Dalili za kumtia hofu ni michirizi mipana ya zambarau, ngozi nyembamba inayovilia damu kwa kugongwa kidogo, na mapaja dhaifu kiasi kwamba huwezi kuinuka kutoka kwenye kigoda bila kushika kitu. Sampuli moja ya damu iliyochukuliwa saa yoyote mchana haithibitishi kitu. Kipimo kimojawapo ni kumeza miligramu 1 ya deksamethasoni saa 5 usiku na kutolewa damu kesho yake saa 2 hadi saa 3 asubuhi. Vidonge vyenye estrojeni huharibu matokeo yake. Mfanyakazi wa zamu za usiku, na aliyegeuza usingizi wake mwezi wa Ramadhani, lazima aseme, kwa sababu saa yake ya kotisoli imehama.

Ukiagizwa mkojo wa saa 24, fanya hivi. Chagua siku utakayokuwa nyumbani, nje ya siku za hedhi. Amka, kojoa chooni kama kawaida, na uandike saa, tuseme saa 1 asubuhi. Mkojo huo hauingii kwenye dumu la maabara. Kuanzia hapo kila tone linaingia, la mchana na la usiku, mpaka kesho saa 1 asubuhi ambapo unakojoa kwa mara ya mwisho, safari hii ndani ya dumu. Tumia kopo pana kukinga kisha mimina. Kukojolea mdomo mwembamba wa dumu kutamwaga nusu. Weka dumu kwenye friji au ndani ya ndoo yenye barafu, mbali na jua. Kunywa maji ya kawaida, usijilazimishe lita nyingi, maana hilo hupandisha majibu kwa uongo. Ukisahau ukakojoa chooni hata mara moja, anza upya siku nyingine. Maabara ikipima kreatinini itaona kama mkojo umepungua.

Matibabu, na mahali pa msongo ndani yake

Dawa zipo na zinafanya kazi. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili hupanga hedhi na kushusha androjeni, hata kwa binti ambaye hajaanza uhusiano. Mama akishtuka, mweleze kwamba ni tiba. Metifomini husaidia upande wa insulini. Huanzishwa kidogokidogo pamoja na chakula kwa sababu huvuruga tumbo, na kwa baadhi ya wanawake hurudisha upevushaji wa mayai. Zingatia hilo, kwani wasichana wengi walioambiwa hawatazaa wameacha kinga na kushika mimba wasiyoitarajia. Wenye PCOS wengi huzaa, wengine wakisaidiwa na letrozoli, ambayo ndiyo dawa ya kwanza ya kupevusha mayai. Spironolaktoni hutumika kwa ndevu lakini haifai bila kinga ya uhakika ya mimba. Kama hutaki vidonge vya kila siku, angalau usikubali kukaa zaidi ya miezi mitatu bila hedhi kila mara. Ukuta wa kizazi unaoendelea kunenepa bila kushuka huweza hatimaye kuleta saratani, na kozi fupi ya projesteroni kutoka kwa daktari huzuia hilo.

Chakula kisikutese. Hakuna mlo maalumu uliothibitika kuwa bora kuliko mingine kwa PCOS. Punguza soda, juisi za kununua na maandazi ya kila asubuhi, ongeza maharage, dagaa na mboga za majani kwenye sahani, na ugali ubaki ugali kwa kiasi. Kama una uzito mkubwa, kupungua asilimia 5 hadi 10 kunaweza kurudisha hedhi; kama ni mwembamba, usijinyime kwa ajili ya ugonjwa huu. Mwendo wa haraka unaojumlisha dakika 150 kwa wiki, pamoja na siku mbili za kunyanyua vitu vizito hata kama ni madumu ya maji, huusaidia mwili kuitikia insulini hata mizani isiposogea.

Usingizi ndio mahali ambapo mimi ningeweka nguvu kubwa ya vita dhidi ya msongo. Lala na uamke saa zilezile, na simu ikae mbali na mto. Ukikoroma sana na kuamka umechoka, mwambie daktari, kwani kukatika kwa pumzi usingizini ni kwingi zaidi kwa wenye PCOS na kunaamsha homoni za msongo usiku kucha.

Kuhusu mawazo yenyewe, tuseme ukweli. PCOS inaleta msongo, zaidi ya msongo unavyoileta PCOS. Binti ananyoa kidevu alfajiri kabla wenzake wa bweni hawajaamka. Kwenye send-off ya dada yake anaulizwa na mashangazi mbele ya watu mbona amenenepa na yeye ataolewa lini. Sonona na wasiwasi huwapata wenye PCOS kuliko wanawake wengine, na mwongozo wa 2023 unataka kila mwenye PCOS aulizwe kuhusu hali hizo anapogundulika. Usipoulizwa, jiulize mwenyewe: katika wiki mbili zilizopita, je, siku nyingi umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda? Siku nyingi umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Ndiyo moja inatosha kukupeleka kwa mshauri nasaha au kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa. Hayo ni matibabu kamili, sawa na metifomini. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu leo, usisubiri tarehe ya kliniki.

Dada, kama siku 90 zimepita bila hedhi na kipimo cha mimba kimesema hapana, usimalize wiki hii bila kwenda. Beba kijitabu chako, beba kopo la krimu na kila kidonge unachomeza, na kabla hujasimama kutoka kwenye kiti muulize daktari: umeondoa magonjwa gani mengine, sukari yangu imetoka ngapi, na nirudi lini?